Vitanda vingapi, na lini? Uzito na udhaifu wa utabiri wa majanga ya maradhi

Tarehe 16 Machi 2020, watafiti wa Imperial College London wakiongozwa na Neil Ferguson walitoa ripoti iliyokadiria kwamba, endapo hakuna hatua yoyote ingechukuliwa, UVIKO-19 ungeua watu wapatao 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani. Hatua zilichukuliwa, vifo havikufika huko katika wimbi lile, na mabishano hayajaisha hadi leo: wapo wanaoshikilia kwamba modeli hizo, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria mwendo wa ugonjwa, ziliokoa maisha, na wapo wanaodai kwamba ziliwatia watu kiwewe bure.

Hoja ya watetezi ina uzito. Utabiri wa aina hii hubeba sharti, na sharti likivunjwa hatuwezi kuudai utimie. Septemba 2014 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilikadiria kuwa Liberia na Sierra Leone zingeweza kuwa na wagonjwa wa Ebola hadi milioni 1.4 kufikia Januari 2015, iwapo hali ingeachwa iendelee ilivyokuwa. Mlipuko wote wa Afrika Magharibi uliishia kwenye wagonjwa wapatao 28,600. Katikati hapo vituo vya matibabu viliongezwa na taratibu za mazishi zikabadilishwa, na inawezekana kabisa kwamba ukubwa wa makadirio yale ndio uliowaamsha waliokuwa wamelala.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo ikikubaliwa bila mipaka, mtabiri hakosei kamwe. Yakitokea, alisema, yasipotokea, ni kwa kuwa alisikilizwa. Hata mpiga ramli hujitetea hivyo hivyo. Kwa hiyo modeli inayofaa kupimwa ni ile ambayo tayari imeziingiza hatua za kujikinga ndani ya hesabu yake, na mfano upo. Mwishoni mwa Machi 2020, IHME, taasisi ya takwimu za afya ya Chuo Kikuu cha Washington, ilitoa makadirio ya vitanda, mashine za kupumulia na vifo kwa kila jimbo la Marekani, ikichukulia kwamba watu wangeendelea kukaa majumbani. Siku chache baadaye ilibidi ipunguze sana idadi ya vitanda vilivyohitajika. Vifo navyo, ambavyo ilikadiria vingefikia takriban 81,000 katika miezi minne, vilivuka 100,000 kabla ya Mei kwisha. Modeli moja ilizidisha vitanda na kupunguza vifo. Sababu mojawapo ni kwamba mchoro wake ulichukulia kuwa janga hushuka kwa kasi ile ile lililopandia, jambo ambalo nchi nyingi hazikuliona.

Mbona vitanda vinakosewa kirahisi hivyo? Tuchukue wodi moja ya wagonjwa mahututi yenye vitanda 30, inayopokea wagonjwa 3 kwa siku. Kila mmoja akikaa siku 10, vitanda 30 vinatosha barabara. Wakikaa siku 14, vinahitajika 42, na wodi imefurika bila hata mgonjwa mmoja kuongezeka mlangoni. Mwanzoni mwa ugonjwa mpya, muda wa kulazwa ndio takwimu isiyojulikana vizuri, kwa sababu waliolazwa mapema bado wako vitandani na wanaohesabika ni wale tu waliokwisha kutoka au kufa. Magazeti huandika juu ya kasi ya maambukizi. Msimamizi wa wodi hukesha akiwaza siku za kulazwa.

Hapo ndipo ninapowaunga mkono watabiri, ila kwa kiasi. Aliyeambukizwa leo huchukua siku kadhaa kuonyesha dalili, na mara nyingi wiki nyingine kabla ya kuzidiwa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa mahututi wa wiki mbili zijazo wamekwisha kuambukizwa, na makadirio ya muda huo yanashika jambo ambalo tayari limetokea. Makadirio ya miezi minne hutegemea watu watafanya nini na serikali itaamua nini, na hayo hayamo kwenye takwimu za hospitali. Nayo yana kazi yake, lakini yaitwe taswira za yanayowezekana, na yatolewe pamoja na upana wa shaka yake, kwani kiongozi akishika namba ya katikati peke yake amekwisha kupotoshwa.

Wapo watakaosema ni heri kuzidisha kuliko kupungukiwa. Kwa oksijeni nakubali: India, Aprili na Mei 2021, ilionyesha inakuwaje mitungi inapokwisha wagonjwa wakiwa bado wanatweta. Lakini kuzidisha kuna gharama yake, na hulipwa na mgonjwa wa saratani ambaye upasuaji wake umeahirishwa ili kitanda kisubiri mtu asiyefika.

Isitoshe, kitanda si kipimo kizuri. Hospitali ya dharura ya Nightingale ya London, iliyofunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 ndani ya ukumbi wa maonyesho ikiwa na mpango wa kufikia vitanda 4,000, ilihudumia wagonjwa wapatao 54 tu katika wimbi la kwanza. Tena hata hapo kulikuwa na upungufu wa wauguzi wenye ujuzi wa mahututi, kwa kuwa wale wale walikuwa wakihitajika katika hospitali za kawaida. Mashine ya kupumulia hununuliwa; muuguzi wa kuisimamia hufundishwa kwa miaka. Modeli inayotaja vitanda bila kutaja zamu za wauguzi imehesabu samani.