Wachakachuaji kwenye jamii za mwaliko: vinasaba au kodi ya mafuta ya taa?

Mwaka 2014 mimi na binamu yangu tulipigwa bani siku ileile, karibu saa ileile, kwenye jamii moja ya kugawana muziki mtandaoni ambayo sitaitaja jina, na ujumbe wenyewe ulikuwa mstari mmoja tu: mtu mmoja, akaunti mbili. Ukweli ni kwamba tulikuwa watu wawili, nyumba moja Sinza, ruta moja, kila mtu na laptop yake na kila mtu aliingia kwa interview yake mwenyewe. Ila kabla sijalalamika niseme na upande wa pili, maana mwaka huohuo nilimkaribisha jamaa mmoja aliyeniomba mwaliko kwa upole sana Wasapu, na kumbe alikuwa dalali, ndani ya wiki mbili mialiko yake ipo sokoni inauzwa, na mimi nikanyang'anywa haki ya kualika watu. Hiyo ya pili sikuinung'unikia hata kidogo, nilistahili. Ya kwanza ilikuwa uonevu. Toka hapo nimekuwa najiuliza tofauti iko wapi, na hilo ndo nataka tulichambue.

Kwa wasiojua hizi jamii: BitTorrent, kitu alichobuni Bram Cohen mwaka 2001, inafanya watu washushe faili kutoka kwa wenzao badala ya seva moja. Zile za wazi kila mtu anaingia, anachukua, anaondoka. Za mwaliko zina mlango, na ukishaingia unapimwa kwa uwiano, yaani umepandisha kiasi gani ukigawa na ulichoshusha. OiNK ilikuwa mojawapo, ikafungwa na polisi wa Uingereza na Uholanzi Oktoba 2007 (mwenyewe, Alan Ellis, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru Januari 2010), mwezi huohuo What.CD ikazaliwa, nayo ikafa Novemba 2016 baada ya polisi wa Ufaransa kuchukua seva. Na nisijifiche hapa, sehemu kubwa ya vilivyogawanwa humo vilikuwa mali ya watu na hawakuombwa ruhusa, hilo ni kosa linalosimama peke yake. Ila utapeli ndani ya jamii ni mada yake, maana jamii za watu wanaogawana rekodi halali wanahangaika na mambo yaleyale.

Sasa tatizo la kwanza liko kwenye mfumo wenyewe. Kila jamii ina seva ya kuratibu tu, na hiyo haioni data ikipita, data inapita kati ya mwanachama na mwanachama, seva inachofanya ni kupokea taarifa kutoka kwa programu ya kila mtu, mara nyingi baada ya kila nusu saa hivi: nimeshusha kadhaa, nimepandisha kadhaa. Yaani inakuamini kwa neno lako. Kwa hiyo wakatokea watu wenye programu za kutangaza upandishaji hewa, RatioMaster ikiwa maarufu kuliko zote, unamkuta mtu hajagawa hata wimbo mmoja ila uwiano wake unameremeta.

Uzuri wa hesabu ni kwamba haina upendeleo. Chukua albamu ya MB 400, watu watatu wameishusha yote, jumla iliyoshuka ni MB 1,200, basi na iliyopandishwa kwa wote walioigawa haiwezi kwenda mbali na hapo. Sasa mmoja wao akija kusema yeye peke yake kapandisha GB 9, hizo GB kazipeleka wapi, maana hakuna mtu aliyezipokea. Kwenye faili lenye watu elfu anaweza kujificha kidogo, ila mtu huyohuyo akionekana kwenye faili kumi na zote kumi hesabu haifungi, na ukimtoa yeye inafunga, basi hapo hakuna cha kujadili. Mtu kama huyo akipigwa bani mimi napiga makofi kabisa, kwa sababu anawaibia wale waliokesha na kompyuta wazi ili mwenzao amalize kushusha.

Wabongo neno kuchakachua tunalijua limetoka wapi. Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Serikali ikaja na dawa mbili: mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama, wakipima kituo kinajulikana kimechanganya au hakijachanganya, halafu bajeti ya 2011/2012 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei isogeleane na ya dizeli, mchanganyaji asipate faida. Zote zilikuwa za kumkomesha mchakachuaji. Ila ya kwanza inamfuata aliyechanganya, na ya pili ilimfuata pia bibi kijijini mwenye koroboi ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Nikiangalia mbinu za kunasa matapeli kwenye jamii hizi naziona zimegawanyika hivyohivyo, kuna vinasaba na kuna kodi ya mafuta ya taa, na maadmini wengi hawatofautishi.

Ile hesabu ya upandishaji ni vinasaba. IP kufanana, yaani anwani ya mtandao unakotokea, ni mafuta ya taa.

Nieleze kwa nini. Sheria ya akaunti moja kwa mtu ni ya haki, What.CD waliiweka akaunti moja kwa maisha yako yote, maana bila hiyo mtu anapigwa bani asubuhi jioni karudi na jina jipya. Lakini ukitumia laini ya simu Dar au Nairobi, mtandao unawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, wewe na mtu wa Buguruni usiyemjua mnaonekana mlango mmoja. Ongeza intaneti kafe, ongeza hosteli za chuo, ongeza familia kama yetu. Na haohao walio nyuma ya IP ya pamoja hawafikiki kirahisi kutoka nje, wanachama wenzao hawawezi kuwaunganishia wenyewe, kwa hiyo hata wakiacha kompyuta wazi mwezi mzima wanapandisha kiduchu. Mtu ana bando la kuhesabu, anapandisha kidogo, anatumia IP na wengine, ukimtazama kwa haraka ana sura yote ya tapeli na kosa lake ni kuishi alipo. Mwenye hela anakodi seva Uholanzi yenye spidi ya kutisha, mwezi mmoja uwiano wake uko juu na kila mtu anamwita mwanachama bora.

Ila niwe muungwana kwa maadmini. Wale ni watu wa kujitolea, wana makumi ya maelfu ya wanachama, na kila tapeli anayekamatwa ana hadithi, kaka yangu, ruta yangu, VPN yangu, ukisikiliza zote usiku unaisha na wakati huo wengine kumi wameingia. Mimi mwenyewe utetezi wangu kuhusu binamu ulikuwa neno kwa neno ule wanaotoa waongo. Kwa hiyo naelewa mtu anayesema tufunge mlango kwanza, tuulize baadaye. Nisichokubali ni kwamba kuuliza kunachukua muda mrefu. Sisi tulirudishwa siku ya kumi na moja, baada ya admini mmoja kukaa kuangalia saa za kila akaunti na vitu tulivyoshusha, akakuta akaunti zote mbili zilikuwa hewani kwa pamoja miezi minane, programu mbili tofauti, mimi ni dansi na rumba, binamu ni taarabu na gospo. Alivyosema mwenyewe, ilimchukua dakika kumi.

Mti wa mialiko nao watu wanaugombania sana. Kila mwanachama anajulikana kaletwa na nani, na aliyeletwa akifanya uhuni aliyemleta anaulizwa. Wengine wanasema ni adhabu ya ukoo. Mimi nauona kama udhamini wa VICOBA, ukimdhamini mtu na akakimbia na mkopo, kikundi kitakuja kwako na kina haki. Na ndo silaha pekee inayofanya kazi kwa wauza mialiko, maana admini anajifanya mnunuzi, analipia, mwaliko ukiingia tu kwenye imeili anaona tawi lote limetokea wapi. Mnunuzi wa kweli ndo analizwa kila namna: ama anatuma hela na kublokiwa palepale, ama anapata akaunti ambayo mwenyewe ataidai tena kwa imeili ya zamani, au tawi likikatwa naye yumo. Na kinachouma ni kwamba What.CD walikuwa na interview ya bure kabisa, unasoma kuhusu aina za faili za sauti, unaenda kuulizwa, unaingia. Watu walilipia kitu ambacho kusoma jioni mbili kungewapa. Ila mti una mpaka wake: nikikuleta wewe, na wewe ukamleta fulani, na fulani akamleta mwizi, mimi kosa langu nini? Ukikata shina zima kwa sababu ya jani moja umerudi kwenye mafuta ya taa.

Uchakachuaji unaoniuma kuliko wote ni wa faili lenyewe. Mtu anachukua MP3 ya 128, faili lililobanwa mpaka sauti nyingine zimetupwa, anaigeuza FLAC, aina ya faili isiyotupa kitu, inavimba ukubwa, anaipandisha akisema imetoka kwenye santuri. Kwenye jina huwezi kujua. Nakumbuka moja ya dansi ya miaka ya 70, niliifungua kwenye Spek, programu inayochora sauti kama picha, nzito chini na nyembamba juu, chini rangi ya machungwa imejaa vizuri halafu ikifika kHz 16 imekatwa kama kwa panga, juu yake giza tupu mpaka kHz 22. Santuri haikatiki hivyo. Vinasaba hivyo, na nilimripoti bila kusita.

Halafu binamu akapandisha kanda za baba yake, yaani mjomba wangu, alizorekodi zamani kutoka redioni, masafa ya kati, na faili likafutwa ndani ya saa moja: feki, sauti haipandi. Haipandi kwa sababu redio ya masafa ya kati haijawahi kurusha sauti ya juu, kila aliyekulia na redio ya mbao anajua. Ukiitazama ile picha kwa utulivu unaona juu hakuna giza safi, kuna vumbi jembamba la mvumo wa kanda linaenda mpaka kileleni, kitu ambacho MP3 ya 128 inakitupa. Aliyefuta alijua kanuni ila hakuwahi kushika kanda. Binamu akapiga picha kanda yenyewe na mwandiko wa mjomba kwenye karatasi ya jalada, akaeleza imerekodiwa na redio gani na imechezwa kwenye deki gani, akaweka na ile picha ya Spek akionyesha vumbi lilipo, akapandisha tena. Safari hii ikakaa, na chini yake yule aliyeifuta akaandika samahani kisha akaishusha mwenyewe.