Binti yuko nje kwenye benchi, sisi ndani tunamchagulia mashine

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kuchagua kifaa cha mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Nikaenda mapema, na daftari langu mkononi. Saa nzima tunaongea inchi, betri, waranti, sijui memori ngapi, mmoja kaja na katalogi ya rangi anaifunua kama anachagua kitenge cha harusi, mpaka nikauliza swali la kijinga tu: mwenyewe anasemaje? Kimya. Mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri tumalize.

Hasira zile hazijanitoka hadi leo. Maana mimi hii sinema nimeshaiona, tena nilicheza. Miaka ya nyuma kulikuwa na kijana mwingine, naye uoni hafifu, tukamnunulia ile mashine ya kukuza maandishi yenye skrini kubwa, na sahihi yangu ipo kwenye ile fomu. Mashine nzuri kweli, sibishi. Ila nzito, inataka umeme, na darasa lile lilikuwa na soketi moja, ukuta wa nyuma. Kwa hiyo mtoto asiyeona vizuri tukamhamishia nyuma kabisa ya darasa ili aone vizuri. Rudia kuisoma hiyo. Wenzake kila akiiwasha wanageuka kumtazama, mwezi haujaisha keshaiacha, anasema inamuumiza kichwa, na kwenye ripoti tukaandika "mwanafunzi hatoi ushirikiano". Aibu ile alikuja kunieleza mwenyewe baadaye sana, alipokuwa ameshahitimu.

Na siyo kwamba haya mambo hayajulikani. Joy Zabala, Mmarekani aliyehangaika na haya maswali miaka mingi, alishatupangia utaratibu unaoitwa SETT: anza na mwanafunzi, halafu mazingira yake, halafu kazi anazotakiwa kufanya, kifaa ndiyo kinakuja mwisho. Mwisho! Sisi tunaanza na katalogi. Mwaka 1993 Phillips na Zhao waliwauliza watu wazima 227 wenye ulemavu huko Marekani kuhusu vifaa vyao, wakakuta asilimia 29.3 ya vifaa vimeachwa kabisa, na moja ya sababu walizozitaja ni kwamba mtumiaji hakusikilizwa wakati wa kuchagua. Haya, utaniambia hao ni watu wazima, siyo wanafunzi. Sawa. Sasa kama mtu mzima mwenye mdomo wake hasikilizwi, mtoto je?

Halafu kuna huu ugonjwa wa kuchagua kwa jina la ulemavu. Ati "wasioona wanatumia kisoma skrini", ile programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini, basi imeisha. Jamani, wasioona wawili darasa moja wanaweza kutaka vitu tofauti kabisa: mmoja kazaliwa haoni na vidole vyake vinakimbia kwenye nukta nundu, mwingine kapoteza uoni juzi, bado analia, nukta nundu hataki hata kuzisikia, kwake sauti ndiyo mkombozi kwa sasa. Na huyo huyo wa sauti akifika kwenye hesabu, mlinganyo mrefu unasomwa masikioni mfululizo, utaukumbuka mwanzo wake? Kwa hiyo hata kwa mtu mmoja, somo hili kifaa hiki, somo lile kingine.

Na umpe kisoma skrini bora duniani, mwalimu akituma notsi alizoskani kama picha, mara nyingi programu haina cha kusoma, inakaa kimya kama sisi kwenye kile kikao.

Hela? Ndiyo, najua, hela ni tatizo, na vifaa vingine bei yake ni wizi. Ila NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, ni bure, ilianzishwa 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye mwenyewe haoni, na simu nyingi za sasa zinakuja na kisoma skrini na kikuza maandishi humo humo ndani. Kwenye kile kikao hakuna aliyevitaja, labda kwa sababu havina utepe wa kukata.

Basi nikatoka nje nikakaa na yule binti pale benchi. Dakika tano tu. Akaniambia maandishi ya kwenye kitabu siyo shida yake sana, ana lenzi yake ya mkononi, imechubuka lakini kaizoea. Shida ni ubao. Mwanga wa dirisha unaupiga, haoni kitu, akimuuliza jirani anaambiwa asiongee. Angeruhusiwa kuupiga picha kwa simu kisha aivute picha ikue, imekwisha.

Nikarudi ndani nikawaambia. Jibu: simu ni marufuku darasani.

Kikao kimeahirishwa hadi Alhamisi. Katalogi imebaki mezani.