Asilimia 343, kisha kuanguka

Machi 2000, kampuni ya bima ya maisha ya Kyoei nchini Japani ilifunga hesabu zake ikiwa na kiwango cha uwezo wa kulipa madeni, yaani mtaji ukilinganishwa na hatari zinazoikabili kampuni, cha asilimia 343. Kampuni mwenzake, Chiyoda, ilikuwa na 263. Mdhibiti aliridhika na 200. Oktoba mwaka huohuo zote mbili zilianguka.

Ndiyo maana nikiona kampuni ya bima inatamba na asilimia yake, huwa nauliza: mliahidi nini mlipokuwa mkisaka wateja?

Kilichowaponza Wajapani si vifo vingi. Huko nyuma, riba zikiwa juu, kampuni ziligombea wateja kwa kuwahakikishia faida ya hadi asilimia 5.5 kwa mwaka, kwa miongo. Riba zikaporomoka, ahadi zikabaki palepale. Piga hesabu: kila 100 ya akiba idai 5.5, uwekezaji ulete 2, pengo la 3.5 lichotwe kwenye mtaji mwaka baada ya mwaka.

Wanaotetea vipimo vya aina hii watasema hayo yamepita, na wana hoja. Tangu 2016, kanuni za mtaji wa bima za Umoja wa Ulaya, Solvency II, zinataka mali na madeni vipimwe kwa bei ya soko, na mtaji utoshe kuhimili mtikisiko wa aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 200. Nao mfumo wa kimataifa wa uhasibu wa bima, IFRS 17, ulioanza 2023, unalazimisha mikataba iliyouzwa kwa hasara ionyeshe hasara hiyo papo hapo. Huu naupenda zaidi, kwa sababu unamgusa meneja wa mauzo anayeshusha bei ili ampiku jirani.

Lakini deni la bima ya maisha bado ni makadirio: nani atakufa lini, riba itakuwa ngapi, wangapi watavunja mkataba. Gusa kadirio moja, asilimia inacheza. Tena, masharti makali ya mtaji yamezisukuma kampuni nyingi kupunguza faida za uhakika. Ripoti inanawiri, na hatari ya soko inamhamia mteja.

Upande wa mauzo, kamisheni nono ya mwaka wa kwanza humfanya wakala akimbilie saini ya mteja. Anayevunja mkataba mwaka wa pili hurudishiwa kidogo, au asipate kitu. Hata hivyo sitaki kumsulubu wakala. Hakuna anayeamka asubuhi akitamani kuzungumzia kifo chake, na bila mtu wa kubisha hodi familia nyingi zingebaki bila kinga. Uingereza ilipofuta kamisheni za ushauri wa uwekezaji mwishoni mwa 2012, bima ya kifo isiyochanganywa na uwekezaji iliachwa nje ya marufuku hiyo.

Nikipewa ripoti, naruka ukurasa wenye asilimia kubwa. Natafuta jedwali linaloonyesha riba ikishuka nini kitatokea, kisha idadi ya mikataba iliyovunjwa mapema. Hiyo idadi sijawahi kuiona kwenye kipeperushi cha wakala.