Umeneja wa usalama kazini: wajibu mkubwa, mamlaka ya kuomba

Usiku wa Julai 6, 1988, pampu moja ilizimika kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini. Zamu ya usiku ikaamua kuwasha ya pili. Hawakujua kwamba mchana ule vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na tundu kuzibwa kwa kifuniko cha muda. Kibali cha kazi kilichoeleza hayo kilikuwa kimeandikwa, ila hakikuwafikia. Gesi ikavuja, jukwaa likalipuka, watu 167 wakafa.

Kijana anayefikiria kuwa meneja wa usalama ningependa aanzie hapo. Wengi hudhani kazi hii ni kuzunguka ukiwakemea watu wavae helmeti. Helmeti ni kinga ya mwisho. Kwanza unajiuliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, au kubadilishwa na kitu kisicho na madhara makubwa, au kuzuiwa kwa mtambo. Kisha unapanga taratibu, kama kile kibali cha Piper Alpha, na kuhakikisha zamu inayoingia imekisoma. Ni kazi ya kufikiri, na kwa anayependa kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi, ina utamu wake.

Mahitaji nayo yapo. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na wengi wao huuawa na magonjwa kuliko ajali. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Ujuzi huu pia haukufungi sehemu moja: mgodi, hospitali, ghala na eneo la ujenzi vyote vinauhitaji. Nesi au fundi umeme anaweza kuingia akiwa na uzoefu ambao mhitimu wa darasani hana.

Lakini upande wa pili ni mzito, na matangazo ya kozi hayausemi. Unabebeshwa wajibu, mamlaka anabaki nayo mwingine. Winchi imeinua mzigo, upepo umezidi, lori la zege linasubiri na msimamizi anatazama saa. Ukisema "shusheni", umechelewesha kazi ya watu wote, na wala hakuna atakayejua kama ungeanguka. Mwaka ukipita bila ajali, utasikia bajeti yako ikiulizwa ni ya nini. Ajali ikitokea, wa kwanza kuitwa ni wewe.

Kinachoniuma zaidi ni ripoti. Mtu amekatwa vidole, unakuta kizuizi cha mashine kiliondolewa kwa sababu kinapunguza kasi na lengo la siku halifikiki. Juu wanataka uandike "uzembe wa mfanyakazi". Ukikubali, mashine itabaki vilevile ikimsubiri mwingine. Ukikataa, huenda usiongezewe mkataba. Hata kuiona hatari mapema hakutoshi: katika jengo la Rana Plaza, Bangladesh, nyufa zilionekana siku moja kabla halijaporomoka mwezi Aprili 2013, wafanyakazi wakaamriwa kurudi kwenye cherehani, na zaidi ya 1,100 wakafa.

Hata hivyo ningemwambia kijana huyo aingie, ila asiingie kila penye nafasi. Mshahara una umuhimu wake, lakini muhimu zaidi ni unaripoti kwa nani. Ukiwa chini ya meneja wa uzalishaji, kila unaposimamisha kazi unamshtaki bosi wako. Kwenye usaili uliza ni lini kazi ilisimamishwa mara ya mwisho kwa ajili ya usalama, na aliyeisimamisha yuko wapi sasa. Kisha omba kutembezwa kabla ya kusaini. Nenda hadi mlango wa dharura, na ukikuta maboksi yameuziba, muulize aliye karibu yamekaa hapo tangu lini.