Majani ya Segera na gari lisilo na dereva

Usiku mmoja tukitoka Segera kurudi Tanga, dereva wa Noah tuliyopanda alipunguza mwendo mahali ambapo mimi sikuona kitu chochote. Kumbe mbele, juu ya lami, kulikuwa na matawi mabichi, yamewekwa moja moja, hatua chache kutoka tawi hadi tawi. Hakuuliza wala hakusimama. Aliwasha full, akasogea upande, na tulipomaliza kona tukalikuta lori la machungwa limekufa njiani, halina taa hata moja. Maana ya majani barabarani hakufundishwa darasani. Aliijua tangu alipokuwa utingo.

Niliyakumbuka majani yale juzi, mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu teksi inayojiendesha ya kampuni ya Waymo ikikata mitaa ya Phoenix, Marekani, kiti cha dereva kitupu. "Mjomba, haya yameshathibitishwa," akaniambia. "Ni salama kuliko sisi." Sikumbishia pale pale, lakini neno hilo la kuthibitishwa halijaniondoka. Wako watafiti ambao kazi yao ni kuuliza usalama wa gari kama lile unathibitishwaje hasa, na mimi nadhani swali lao linatuhusu watu wa Tanga zaidi ya ile video.

Njia inayokuja akilini kwanza ni kuyaacha magari yatembee, kisha kuhesabu ajali. Mwaka 2016 Nidhi Kalra na Susan Paddock wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipiga hesabu ya njia hiyo. Kwa takwimu za mwaka 2013, barabara za Marekani ziliua takriban mtu 1.09 kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba gari la kompyuta haliui zaidi ya hapo, magari yatembee maili milioni 275, yaani kilomita kama milioni 440, bila kuua mtu hata mmoja. Magari 100 yakizunguka usiku na mchana kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa yangetumia miaka 12 na nusu. Mnunuzi wa nazi pale Mgandini anaielewa hesabu hii bila kalamu. Ukivunja nazi 30 kutoka kwenye lundo kubwa na zote zikawa nzima, hujapata haki ya kuapa kwamba lundo halina mbovu. Unachoweza kusema, kwa uhakika uleule wa asilimia 95, ni kwamba mbovu hazizidi kama moja katika kila kumi. Na kadiri ubovu unaouogopa unavyokuwa adimu, ndivyo unavyotakiwa kuvunja nazi nyingi zaidi. Tena programu ya gari ikibadilishwa, mwenye kushika hesabu sawasawa anaanza upya.

Hapa lazima nimpe mpwa wangu haki yake. Mwaka 2025 watafiti wa Waymo walichapisha matokeo ya maili milioni 56.7 zilizoendeshwa bila mtu kwenye usukani. Wakilinganisha na madereva wa kawaida wa miji ileile, walikuta ajali za kujeruhi waenda kwa miguu zimepungua kwa asilimia 92. Ndiyo, walioandika ni watu wa kampuni yenyewe, lakini tofauti kubwa kiasi hicho siwezi kuipuuza. Majeruhi hutokea mara nyingi kuliko vifo, kwa hiyo umbali huo unatosha kuwazungumzia. Kwa vifo bado, maana ni kama moja ya tano tu ya ule wa akina Kalra. Na yale maneno "miji ileile" yashikwe vizuri, maana kipimo kilipimwa huko na jibu lake ni la huko.

Njia ya pili ni hisabati: kuacha kungoja ajali na kuthibitisha kwa hoja kwamba kosa haliwezi kutokea. Imewahi kufaulu. Treni za laini ya 14 ya metro ya Paris zimekuwa zikitembea bila dereva tangu 1998, na sehemu nyeti za programu yake zilithibitishwa kwa mbinu ya kihisabati iitwayo B. Lakini treni ile iko kwenye shimo lake, ina reli zake, na milango ya vioo imetenganisha abiria na njia. Hakuna mtoto anayefukuza mpira mle. Mwaka 2017 watafiti wa Mobileye, kampuni ya Israeli, walijaribu kuipeleka hisabati barabarani kwa kanuni chache. Mojawapo inasema haki ya kupita hupewa, huinyakui. Gari likizishika, wanasema, halitasababisha ajali, mradi wengine nao wawe na mwenendo unaokubalika kwa akili. Ninaiheshimu kazi hiyo kwa sababu imeandika masharti yake waziwazi. Sharti lenyewe ndilo linalonisimamisha ninapowatazama bodaboda, bajaji na baiskeli zikikutana kwenye njia panda za Ngamiani saa ya kufunga maduka.

Isitoshe, hisabati hiyo inaanza baada ya gari kujua mbele yake kuna nini. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli yenye mifuko. Wachunguzi wa serikali walikuta vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla. Programu ikamwita gari, ikamwita kitu kisichojulikana, ikamwita baiskeli, na kila ilipobadili jina ilisahau alikuwa anatokea wapi. Haikuwa imetengenezwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya kivuko cha waenda kwa miguu. Mtu aliyewekwa ndani kusimamia alikuwa anatazama simu.

Niliposoma hayo nilimwona mzee wa mtaani kwetu, ambaye kila jioni baada ya Magharibi husukuma baiskeli yake, gunia la mkaa nyuma, na huvuka pale anapotaka kuvuka. Tanga ni mji wa baiskeli. Kilichokuwa nadra kwa wahandisi wa Arizona, kwetu ni jioni ya kawaida.

Hata hivyo, kungoja nako kuna makaburi yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa barabara huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2017 Kalra huyohuyo, akiwa na David Groves, alionyesha kwamba Marekani ikingoja gari lisilo na dosari, badala ya kuruhusu lililo bora kidogo kuliko binadamu, kwa miaka mingi ingepoteza maelfu kwa maelfu ya watu ambao wangeokolewa. Hoja hiyo inanichoma, kwa kuwa nimezika watu wa ajali. Na dereva wa basi anayesinzia usukanini naye hakuna aliyewahi kumthibitisha kwa kilomita milioni 440.

Ila hesabu ya jumla haisemi nani anayeokolewa na nani anayeongezewa hatari. Abiria wa Phoenix anaweza kupona kwa gari ambalo halimtambui yule mzee wa mkaa.

Kwa hiyo mimi sikatai. Ningelikubali kesho lori linalojiendesha ndani ya uzio wa bandari ya Tanga, kwenye njia zake, mahali panapokaribia hali ya metro ya Paris. Kwa barabara ya wazi ningetaka kile ambacho UL 4600, kiwango cha usalama wa magari yanayojiendesha cha mwaka 2020, kinamdai mtengenezaji: aandike anadai nini, mahali gani, kwa ushahidi gani, na mtu huru akague. Mtu huyo awe anaijua njia hii. Madereva wa Segera wakae naye mezani, na mautingo wao.

Siku kampuni itakapokuja kuomba kibali, video za Phoenix sizihitaji. Nataka nionyeshwe gari lao likiyakuta yale matawi, usiku, mvua ikinyesha, na lori lisilo na taa likiwa baada ya kona.