Kibao Kabla ya Minyororo

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Nairobi, ambapo ilipendekezwa kwamba pembe ya bustani yetu ya umma, ile yenye mabembea matatu, mawili kati yake yakiwa yamekatika minyororo, ipewe jina la mwakilishi wadi wetu aliyefariki mwaka jana. Makofi yalipigwa kabla hoja haijasomwa hadi mwisho. Nilipouliza, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, marehemu alifanya nini katika bustani hiyo, nilitazamwa kama mtu aliyecheka matangani.

Nakiri kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuja kumzika mama yangu na akakaa hadi jioni, jambo ambalo wanasiasa wengi hawalifanyi pasipo kipaza sauti. Lakini swali langu lilihusu bustani.

Watetezi wa hoja walinitajia bustani ya Michuki, iliyo kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa barabara wa Globe, wakidhani mfano huo unawafaa. Hauwafai hata kidogo. John Michuki, waziri ambaye wengi tunamkumbuka kwa sheria za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, pamoja na mikanda yake, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, alipewa Wizara ya Mazingira mwaka 2008, akauvalia njuga mto ambao sote tulikuwa tumeuzoea kama mtaro, na ukingo uliokuwa jaa la taka na gereji za wazi ukaanza kuota nyasi. Alipofariki Februari 2012, jina lake lilikuwa na mahali pa kukaa. Simpambi: ni huyo huyo aliyesema mwaka 2006, baada ya polisi kuvamia gazeti la Standard, kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Tena jina halikujua kufagia, kwa maana mahali hapo palizorota tena hadi palipofufuliwa mwaka 2020.

Na kama ni suala la kuipa jina sehemu tu ya bustani, Uhuru Park inatosha kutufunza. Pembe tunayoiita Freedom Corner haikupata jina hilo katika mkutano wenye ajenda na soda. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanamazingira Wangari Maathai, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amepinga jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani hiyo hiyo, waligoma kula hapo hapo wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Hakuna mkazi wa Nairobi aliyehitaji kukumbushwa kwa kibao kwa nini pembe hiyo inaitwa hivyo.

Ya kwetu itahitaji kibao, tena kikubwa, maana hakuna kitakachomsimulia marehemu isipokuwa hicho.

Hoja ilipita, bila shaka. Michango ya kibao tayari inakusanywa kwa simu, nami nimetuma yangu ili nisiambiwe nina chuki; ila pale panapotakiwa kuandikwa jina la akaunti, nimeandika "minyororo".