Kichochoro cha Mahfouz: kwenda, au kubaki na kitabu?

Kutoka Msikiti wa al-Azhar, Cairo, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Zuqaq al-Midaqq, kichochoro kilichoipa jina riwaya ya mwandishi wa Misri, Naguib Mahfouz, ya mwaka 1947. Wasomaji hufunga safari kukitafuta, na ni rahisi kukipita bila kukiona, kwa ufupi wake. Abbas kinyozi wa kitabuni hayupo, wala msichana Hamida dirishani. Wapo watu na shughuli zao, wanaomshangaa mgeni anayepiga picha ukuta.

Wanaozibeza safari za namna hii wana hoja nzito. Mwaka 1995 kisa hicho kilihamishiwa Mexico City katika filamu, Salma Hayek akicheza nafasi ya msichana, na uhai wake haukupungua. Hadithi ikivuka bahari na kuacha kuta zake nyuma, kuta hizo zina kazi gani tena? Isitoshe, Mahfouz alizaliwa Gamaliya, mtaa wa kale wa Cairo, mwaka 1911, lakini familia yake ilihamia mtaa mwingine, Abbasiya, angali mtoto. Riwaya zake tatu za 1956 na 1957, zenye majina ya mitaa halisi ya huko Gamaliya, ziliandikwa na mtu aliyekwishahama zamani. Anayekwenda kulinganisha ukurasa na ukuta anatafuta mtaa uliokuwa umebaki kichwani mwa mwandishi tu.

Hata hivyo, mimi ni wa kwenda, kwa sababu moja: vipimo. Kitabuni kila mtu anajua siri za kila mtu, nawe unaweza kudhani mtunzi ametia chumvi. Simama pale uone nafasi yenyewe. Mwenye mkahawa akikohoa, kichochoro kizima kimesikia. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, atacheka, maana hayo aliyajulia barazani kwao. Huyo kweli nauli yake aitunze. Sisi wa viwanja vya uzio wa michongoma ndio tunaohitaji kuonyeshwa.

Halafu kuna matembezi ya Hamida. Kila alasiri anajitanda shela lake na kutoka kichochoroni, anapita mtaa wa Sanadiqiya hadi barabara ya Muski kutazama maduka na wasichana wanaofanya kazi za mshahara. Ukisoma, unaona kama anakwenda dunia nyingine kabisa. Kwa miguu, hata hujaanza kutoka jasho, umeshafika.